Kipande cha Piano Kichaguliwe kwa Ukurasa Wake Mgumu

Hoja iliyo mezani ni hii: anayejifunza piano, hasa mtu mzima asiyetarajia kuishi kwa muziki, anafanya vyema kuchagua kipande kinachomzidi uwezo, mradi akipime pale kinapomshinda. Wengi hawachagui hivyo. Husikia mwanzo wa utunzi fulani ukawagusa, wakatafuta nota zake, wakajaribu ukurasa wa kwanza na kuona unapigika, basi wakaanza. Baada ya miezi kadhaa ukurasa wa kwanza unapigwa kwa ufasaha na uliobaki haujaguswa. Hapo huambiwa kwamba walitamani makubwa. Mimi nasema tamaa yao ilikuwa halali; walichokosea ni kukipima kipande kwa mlango wake. Ukurasa mgumu kuliko yote ndio uamue kama kipande kinachukuliwa au kinaachwa, na mazoezi yaanzie hapo hapo. Katika mjadala huu nimewapa nafasi wapinzani watatu: mwalimu wa piano, mfanyakazi anayejifunza jioni, na mpiga kinanda wa kwaya. Ni sauti za hoja, si za watu fulani, na kila moja ina ukweli ambao haukwepeki.

Nianze na ushahidi ulio kwenye nota zenyewe. Beethoven alitunga sonata yake ya op. 27 namba 2 mwaka 1801, ikachapishwa mwaka uliofuata. Dunia inaijua kwa jina la Sonata ya Mbalamwezi, jina ambalo hakulitoa yeye. Lilitokana na maneno ya mhakiki Ludwig Rellstab baada ya Beethoven kufariki, na kwa kweli linaifaa sehemu ya kwanza tu. Sehemu hiyo ni ya polepole, nota zake zinakwenda tatu tatu kwa upole, na mwanafunzi wa miaka michache anaweza kuipitia yote. Sehemu ya tatu ni kitu kingine kabisa. Mkono wa kulia unapanda kwa kasi kutoka chini hadi juu, ukifika huko unagonga mara mbili kwa nguvu, unarudi chini kuanza tena, na msukumo huo unaendelea kurasa baada ya kurasa. Wengi wanaosema wanaijua sonata hii wanaijua ile sehemu ya kwanza. Hakuna ubaya kuipiga peke yake, kwani inajitosheleza. Lakini aliyedhani amechagua sonata amechagua sehemu moja kati ya tatu, tena isiyomdai mengi.

Ballade ya kwanza ya Chopin, op. 23, iliyochapishwa mwaka 1836, inanasa watu zaidi. Ina vipimo 264, na kwa kipimo namaanisha kile kisehemu cha muziki kinachotengwa na mistari ya wima. Inafunguka taratibu, mikono yote miwili ikipiga wimbo uleule, kisha wimbo mkuu unaingia kwa mwendo wa kutafakari. Mtu wa kiwango cha kati anaweza kuzipiga kurasa za mwanzo na kuamini kwamba yuko njiani. Kumbe kuanzia kipimo cha 208 Chopin anabadili mapigo na kutaka kasi yenye moto. Vipimo 57 vya mwisho vinadai miruko mirefu, mkono wa kulia usiopewa mahali pa kupumzika, na wa kushoto unaorukaruka kati ya chini na katikati bila mwenyewe kupata nafasi ya kuutazama. Hata wapiga piano wanaolipwa kwa kazi hiyo huvipa heshima vipimo hivyo. Aliyeipima Ballade kwa ukurasa wa kwanza hakupima chochote.

MWALIMU: Ndugu mwandishi, uliyoyasema kuhusu kurasa hizo ni kweli, lakini ukweli huo ungepaswa kukurudisha upande wangu. Robert Schumann aliwashauri wanamuziki vijana wajitahidi kupiga vipande vyepesi vizuri, kwa kuwa hilo lina thamani kuliko kupiga vigumu kwa namna ya wastani. Mwanafunzi anayeng'ang'ania kipande kimoja kizito mwaka mzima hasomi nota mpya, haonji mitindo mingine, na mwisho anajua kitu kimoja, tena anakijua vibaya. Bodi ya mitihani ya ABRSM ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1889 na ambayo mitihani yake wanafunzi wa Nairobi nao wanaifanya, imepanga ngazi nane. Mtu hupanda moja baada ya nyingine. Kwa nini wewe unataka aruke?

Mwalimu, tuitazame kwanza hiyo ngazi. Kipande kinapowekwa kwenye orodha ya ngazi ya tano au ya saba, kuna watu waliokaa wakakisoma chote, wakatafuta pale mtahiniwa atakapokwama, wakaamua ni wa kiwango gani atakayepavuka. Hawakukipanga kwa uzuri wa mwanzo wake. Maana yake bodi inafanya kwa niaba ya mtoto kazi ileile ninayomtaka mtu mzima aifanye mwenyewe. Mtoto ana mwalimu na orodha. Mtu mzima anayejifunza nje ya mitihani ana sikio lake na shauku yake, na asipopewa kigezo kingine atachagua kwa hivyo viwili peke yake. Tena ngazi haimwokoi mtu na wembamba unaouogopa. Mtihani wa kawaida wa vitendo unadai vipande vitatu. Wapo wanafunzi wanaokaa na vitatu hivyo mwaka mzima, wakafaulu, na wasiweze kusoma ukurasa mpya kwa macho. Wembamba huo unatokana na jinsi muda unavyotumika, uwe mwanafunzi yuko kwenye ngazi au hayuko.

Kuhusu Schumann, nakubaliana naye kuliko unavyodhani. Alikuwa akipinga maonyesho: kijana anayetaka kusifiwa kwa kasi ya vidole huku muziki wenyewe ukimponyoka. Lakini wepesi na ugumu havipimwi kwa wingi wa nota. Artur Schnabel, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, alipata kusema kuhusu sonata za Mozart kwamba watoto huziona rahisi na wasanii huziona ngumu. Aliyeamua kupiga vyepesi kwa uzuri wa kweli amejitwisha mzigo mzito. Kwa hiyo swali la kama mtu ashughulike na ugumu limekwisha kujijibu, kwa kuwa muziki mzuri wote una ugumu wake. Swali linalobaki ni ugumu gani, na umekaa wapi ndani ya kipande.

Hapa ningependa tutofautishe mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kuna kipande ambacho ugumu wake umesambaa, na kuna kipande ambacho ugumu wake umekusanyika. Etude za Chopin ni mfano wa aina ya kwanza. Etude 12 za op. 10 zilitoka mwaka 1833, zikatunukiwa Franz Liszt, na karibu kila moja inachukua tatizo moja la mkono na kulishikilia tangu kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Katika ile ya kwanza mkono wa kulia unatanuka na kujikunja juu na chini ya kinanda bila kusita. Katika ya pili vidole vitatu dhaifu vinatembea kwa hatua ndogondogo huku viwili vingine vikipiga vyao. Asiyeweza kipimo cha kwanza hana pa kujificha, na anayekiweza bado ana kazi ya kuustahimili mwendo huo hadi mwisho. Kwa mtu wa kiwango cha kati, hizo ni za kusubiri.

Aina ya pili ndiyo ninayoitetea. Mwaka 1830, akiwa na umri wa miaka 20, Chopin alimwandikia dada yake Ludwika kipande kifupi ambacho leo kinaitwa Nocturne, kikachapishwa miaka mingi baada ya yeye kufariki mwaka 1849. Ndicho alichokipiga Władysław Szpilman kwenye Redio ya Poland mjini Warsaw mwezi Septemba 1939, wakati mji ukipigwa mabomu, na wengi walikijua kupitia filamu ya The Pianist ya mwaka 2002. Mkono wa kushoto karibu wakati wote unapanda na kushuka kwa utulivu. Wa kulia unaimba. Kisha, karibu na mwisho, inatokea mifululizo ya nota ndogondogo zinazopaswa kumiminwa juu ya mapigo ya kushoto, na mmojawapo una nota 35 ambazo hazigawanyiki sawasawa na kilicho chini yake. Huo ndio ukurasa mgumu. Sehemu nyingine haikosi kazi, lakini mwanafunzi wa kati anaimudu. Mtu anaweza kukaa mbele ya nota hizo 35 na kusema kwa uhakika: tatizo langu ni hili, linahusu mkono huu, lina urefu huu. Ugumu unaoweza kuelezwa kwa sentensi moja unaweza kupangiwa mazoezi. Ule usioelezeka humfanya mtu arudie kipande kizima kila siku kwa matumaini kwamba kitajirekebisha chenyewe.

MWALIMU: Na mkono wake je? Schumann huyohuyo aliharibu mkono wa kulia akiwa kijana, ndoto ya kuwa mpiga piano mkubwa ikaishia hapo.

Aliuharibu, na wasimulizi wengi wamekilaumu kifaa alichokitumia kuvilazimisha vidole vyake. Kwa hiyo kisa chake kinaonya dhidi ya kuulazimisha mwili, na onyo hilo nalikubali bila masharti: panapouma, mazoezi yasimame. Lakini mwili ni sehemu ya kuchagua, na waliofika mbali wamelijua hilo. Mtunzi na mpiga piano Rachmaninoff, aliyekuwa na mikono mikubwa isiyo ya kawaida, alimtunuku Josef Hofmann konseto yake ya tatu ya mwaka 1909. Hofmann alikuwa miongoni mwa wapiga piano waliosifiwa sana duniani, na mikono yake ilikuwa midogo kiasi kwamba kampuni ya Steinway ilimtengenezea piano zenye vitufe vyembamba kidogo. Konseto hiyo, iliyobeba jina lake, hakuipiga kamwe mbele ya watu. Alicia de Larrocha wa Hispania, naye mwenye mikono midogo, aliichukua konseto ileile akaipiga na kuirekodi. Wote wawili walipima. Mmoja aliona haimfai, mwingine akatafuta njia yake, na uamuzi wa mmoja haumfanyi mwingine kuwa mjinga. Ikiwa bingwa wa aina ya Hofmann aliweza kukiacha kipande alichotunukiwa na mtunzi mwenyewe, mwanafunzi hana sababu ya kuona haya kuacha alichokipenda redioni.

MFANYAKAZI: Ndugu mwandishi, mimi mjadala wenu unanipita pembeni. Natoka kazini jioni, nina watoto, na nikibahatika napata nusu saa mbele ya kibodi kabla nyumba haijalala. Unaniambia nianze na ukurasa unaonitisha. Mimi napiga ili nipumzike. Nikianza na mateso, wiki ya pili nitakuwa nimeacha.

Dada yangu, muda wako mdogo ndio hoja yangu kubwa. Alan Rusbridger, aliyezaliwa Lusaka mwaka 1953 na akaja kuwa mhariri mkuu wa gazeti la The Guardian la Uingereza, alijipa mwaka mmoja kujifunza Ballade ileile ya Chopin akiwa na miaka zaidi ya 50, kwa dakika 20 hivi kila siku. Mwaka wenyewe ukawa wa nyaraka za WikiLeaks na kashfa ya magazeti kudukua simu za watu. Aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, kilichotoka mwaka 2013, na sehemu ya mwisho ya Ballade inarudi ndani yake kama mtihani usiokwepeka. Aliyekuwa na dakika 20 hakuweza kuzitumia kwa kurasa anazozijua tayari. Na tuwe wakweli kuhusu hesabu. Mwanasaikolojia Roger Chaffin alifuatilia mazoezi ya mpiga piano wa kulipwa, Gabriela Imreh, alipokuwa akijifunza sehemu ya tatu ya Konseto ya Kiitaliano ya Bach, muziki wa dakika chache tu. Ilimchukua zaidi ya saa 30 za mazoezi. Kwa dakika 20 kila siku, saa 30 ni miezi mitatu, na huyo ni mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Mwanafunzi wa jioni ajihesabie mara kadhaa ya hizo. Mwenye muda wa namna hiyo hawezi kumudu kugundua mwezi wa nane kwamba ukurasa wa mwisho haupigiki.

Utafiti huo wa Chaffin, aliouchapisha pamoja na Imreh mwenyewe na Mary Crawford mwaka 2002, una jambo jingine la kukusaidia. Imreh hakuwa akianza mwanzo wa kipande kila mara. Alikigawa kwa mujibu wa muundo wa muziki, akaanzia kwenye mipaka ya sehemu zake, akafanya kazi ndani ya kila sehemu kabla ya kuziunganisha. Linganisha na mazoea ya wengi wetu. Anayeanza ukurasa wa kwanza kila jioni, akaendelea mpaka muda uishe, ataupiga ukurasa huo mara mia na wa mwisho mara chache, na mara hizo chache zitakuwa za jioni akiwa amechoka. Kwa hiyo kipande kinazidi kuwa kibaya kadiri kinavyosonga mbele, na msikilizaji anaondoka na ile sehemu mbaya masikioni.

Tena wingi wa marudio wenyewe hautoshi. Mwaka 2009 Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichapisha uchunguzi wa wapiga piano 17 waliopewa kifungu kifupi cha vipimo vitatu kutoka konseto ya kwanza ya piano ya Shostakovich. Kila mmoja alifanya mazoezi kwa kadiri alivyotaka, kisha siku iliyofuata akaja kupiga. Waliofanya vizuri zaidi hawakuwa waliokaa muda mrefu kuliko wenzao, wala waliorudia mara nyingi kuliko wenzao. Kilichowatofautisha ni namna walivyolishughulikia kosa. Walipokosea walisimama, wakatafuta ni wapi hasa, wakapunguza mwendo, wakarudia pale pale hadi pakanyooka, ndipo wakaendelea. Kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya marudio yao ilikuwa ya usahihi kuliko ya wenzao. Huwezi kufanya hivyo ukiwa unakimbilia kufika mwisho wa ukurasa. Unaweza ukiwa umejifungia na vipimo vitatu.

Kuhusu starehe, sikunyang'anyi. Upige ukurasa wa kwanza, tena uupige kila jioni kama unaupenda, lakini uupige baada ya kazi, na usiuhesabu kuwa mazoezi. Nusu saa yako igawe: robo saa ya kwanza kwa pale padogo pagumu, inayobaki kwa lolote unalolitaka. Wala ukurasa mgumu si lazima uwe mateso. Unakuwa mateso ukiupiga kwa kasi iliyoandikwa. Abram Chasins, mpiga piano na mwandishi, alisimulia jinsi alivyofika kwa Rachmaninoff akamsikia kutoka nje akifanya mazoezi ya Etude moja ya Chopin polepole mno, kiasi kwamba mwanzoni hakuweza kuutambua muziki wenyewe. Kama mwenye mikono ile alihitaji kwenda polepole hivyo, kwenda polepole si dalili ya uchanga. Kwa mwendo huo kila nota inapigika leo, hata zile 35 za Nocturne, na kazi inayobaki ni kuongeza kasi kidogo kidogo bila kukaribisha kosa.

MPIGA KINANDA: Mimi nina swali la mtu wa kanisani. Wengi wetu tuliojifunzia kwenye kwaya tuna kibodi cha vitufe 61, na Jumapili tunapiga nyimbo nne au tano zinazobadilika kila wiki. Hatuna muda wa kukaa na vipimo vitatu. Na kwa nini iwe Chopin na Beethoven? Muziki huu una wenyewe, sisi tuna wetu.

Kibodi chako, ndugu yangu, ni kigezo ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji, na nakushukuru kukileta. Piano kamili ina vitufe 88. Kibodi cha 61 kwa kawaida hukatika chini kwenye do, na katika Sonata ya Mbalamwezi mkono wa kushoto unahitaji kitufe kilicho chini ya hapo tangu kipimo cha pili. Sekunde chache tangu kuanza, tayari ala haitoshi. Ballade nayo inahitaji pedali inayoshikilia sauti kwa uaminifu na vitufe vyenye uzito. Kwa hiyo ukurasa mgumu upimwe pamoja na ala utakayoutumia. Bach ataingia kwenye kibodi chako kwa urahisi zaidi, kwa kuwa vinanda vya zama zake vilikuwa vifupi. Invention zake 15 za sauti mbili, alizozikusanya mwaka 1723 kwa ajili ya kufundishia, zinatosha kwenye oktavu nne hivi. Ugumu wake hauhusu kasi: mikono miwili ina nyimbo mbili zilizo sawa kwa hadhi, na wa kushoto haukubali kuwa msaidizi. Kwa aliyezoea kupiga wimbo juu na mapigo chini, hapo pana kazi ya mwaka.

Kuhusu mazoea ya kanisani nina jambo zito kidogo la kusema. Mpiga kinanda wa kwaya ana ujuzi ambao wanafunzi wengi wa mitihani wangeutamani: anasoma haraka, anasikia, na hasimami. Akikosea anaendelea, kwa sababu waumini wanaimba na wimbo hauwezi kumsubiri. Ujuzi huo ni wa thamani siku ya ibada. Jumatano, akiwa peke yake na kipande kigumu, unamdhuru, kwa maana mazoezi yanadai kinyume chake: kusimama palepale kosa lilipotokea, kama walivyofanya wale waliofaulu kule Texas. Anayeendelea mbele huku kosa likibaki nyuma anaufundisha mkono wake kosa hilo. Kipande kikishaiva, ujuzi wa Jumapili utarudi kuwa hazina yake, na hapo ndipo akipige mwanzo hadi mwisho bila kusita hata akiteleza. Nyakati hizo mbili zisichanganywe.

Na muziki ni wa nani? Sikubali kwamba Chopin ni wa Wapoland na Wafaransa peke yao, kama ambavyo taarabu haikukataa fidla na kanuni kwa kuwa zilitoka ng'ambo. Lakini kama unatafuta ugumu unaozungumza na masikio yaliyolelewa na ngoma, upo. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alichapisha mwaka 1994 vipande 12 vya kufundishia piano vilivyojengwa juu ya midundo ya Kiafrika, na Akin Euba wa Nigeria alitumia maisha yake kutafuta namna ya piano kubeba muziki wa bara hili. Nota mbili za mkono mmoja dhidi ya tatu za mwingine ni ukurasa mgumu kamili, na kigezo changu kinaufaa vilevile: tafuta vipimo vitakavyokushinda, ukae navyo.

MWALIMU: Nikubali basi. Lakini mwanafunzi atajuaje kwamba amepima vibaya? Wengi hawaachi. Wanabaki na kipande kilichowashinda kwa aibu.

Ajipe wiki mbili kwa ukurasa mgumu peke yake, kabla hajagusa mwanzo. Kila mkono kwanza uende pekee, kisha yote miwili, kwa mwendo wowote ule hata wa kuchosha. Wiki mbili zikiisha na bado hawezi kuupiga mara tatu mfululizo bila kosa kwa mwendo huo wa chini kabisa, kipande hicho si cha mwaka huu. Akiweza, kilichobaki ni muda. Tofauti na yule aliyeanzia mwanzo, huyu akiacha amepoteza wiki mbili, si mwaka, na hana ukurasa wa kwanza aliouzoea unaomvuta arudi. Sviatoslav Richter, mpiga piano ambaye hakuna aliyetilia shaka uwezo wake, hakuwahi kuipiga hadharani konseto ya tano ya Beethoven, na historia haikumwona kuwa ameshindwa.

Kwa Mwalimu nina ombi. Mtu mzima akija na Ballade mkononi, usimwambie kwamba ni mapema mno halafu ukampa kitabu cha watoto. Mfungulie kipimo cha 208, mketi pamoja, mkijaribu kwa mwendo wa konokono. Ataona mwenyewe, na akiona mwenyewe hatahitaji kushawishiwa. Kisha uko sahihi kwamba asome na vyepesi: kila wiki apate ukurasa mmoja mpya anaoumudu, ausome na kuuacha, ili kipande kigumu kisimfunge macho. Hapo umeshinda na sina la kuongeza.

Nawe msomaji ambaye una Ballade kwenye kishikio cha nota na bado uko kiwango cha kati, iondoe kwa mwaka huu. Weka Nocturne ya 1830, tafuta ule mfululizo wa nota 35 karibu na mwisho, na uanze leo kwa mkono wa kulia peke yake.